Picha Haisemi, Husemeshwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewapa waja Wake masikio na macho na nyoyo wapate kushukuru. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, wazee wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Kilichopita mbele ya jicho huingia, mwenye jicho atake asitake. Neno hili lilikuwa kweli tangu zamani, na leo limezidi ukweli wake. Zamani mtu aliitafuta picha: kalenda iliyotundikwa dukani, picha ya arusi iliyofungiwa sandukuni, gazeti lililopita mikononi mwa watu kumi mpaka likachakaa. Leo picha ndiyo imtafutayo mtu. Imo katika simu iliyo mfukoni, imo katika mabango ya njiani, imo juu ya pakiti ya maziwa na juu ya daftari la shule. Mtoto huona picha nyingi zisizohesabika kabla hajaijua alifu.

Katika wingi huu limeingia kosa moja kubwa, nalo ni kudhani kwamba picha ni shahidi asiyesema uwongo. Mtu akiletewa habari kwa mdomo huuliza, "Umeipata kwa nani?" Akionyeshwa picha haulizi kitu; husema, "Nimeona kwa macho yangu." Makala haya yataka kuonyesha kwamba aliyeiona picha hajaliona jambo lenyewe. Picha ni bubu. Husemeshwa na aliyeipiga, na aliyeikata, na aliyeiweka kando ya nyingine, na aliyeandika maneno chini yake. Na mwisho husemeshwa na moyo wa yule aitazamaye. Asiyewajua wasemeshaji hawa huongozwa nao, naye adhani anakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

PAZIA LA BIBI AISHA

Maulamaa wamezungumza sana juu ya hukumu ya picha katika sheria. Wako waliozuia kabisa, na wako waliotofautisha baina ya sanamu yenye kiwiliwili na picha iliyo juu ya nguo au karatasi. Ilipokuja kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hata 1920, aliandika risala akieleza kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, wala si kuumba kitu. Wengine hawakukubaliana naye. Hatukusudii hapa kuhukumu baina ya wakubwa hao. Twataka kuyatazama mapokezi ya Mtume (S.A.W.) kwa upande mwingine, nao ni upande wa athari ya picha katika moyo wa mtazamaji.

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia jembamba lenye picha, amefunikia upande mmoja wa nyumba yake. Mtume (S.A.W.) akamwambia aliondoe, kwa sababu picha zake zilikuwa zikimjia mbele yake katika sala. Na Imamu Muslim amepokea kwa Bibi Aisha mwenyewe habari ya pazia lenye picha ya ndege, lililomkabili kila aingiaye nyumbani. Mtume akamwambia aligeuze, kwa kuwa kila aingiapo akaliona huikumbuka dunia. Na katika mapokezi mengine Bibi Aisha aliikata nguo yenye picha akaifanya mito ya kuegemea.

Tazameni mafunzo yaliyomo. Nguo iliyokatwa mito ilikuwa ni uzi uleule na rangi zilezile. Ilipotundikwa mbele ya macho ilikuwa na neno la kusema. Ilipowekwa chini ikaegemewa, ikanyamaza. Maana yake ilibadilika kwa mahali ilipowekwa. Na ndege yule hakuwa amefanya lolote ila kukaa mlangoni. Lakini kukaa kwake mlangoni, kila siku, kila aingiapo mtu, kulitosha kuuvuta moyo upande mmoja. Basi ikiwa Mtume wetu, mwenye moyo thabiti kuliko nyoyo zote, alilisema hili juu ya pazia moja, ni nani miongoni mwetu awezaye kusema kwamba picha elfu kwa siku hazimfanyi kitu?

JICHO HALIONI PEKE YAKE

Jambo hili la macho na moyo lilichunguzwa na mwanachuoni wa Kiislamu ambaye ulimwengu wote unamkubali. Naye ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, akafanya kazi yake kubwa Kairo, akafa karibu na mwaka 1040. Wengi wa kale walidhani kwamba jicho hutoa miali ikaenda kukigusa kitu. Yeye katika Kitab al-Manazir alithibitisha kinyume chake: nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni. Alifanya majaribio katika chumba cha giza chenye tundu dogo, akaona jinsi nuru za taa zilizo nje zinavyopita tunduni na kuangukia ukutani kila moja mahali pake. Kamera ya leo imesimama juu ya kanuni hiyohiyo. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma miaka mingi.

Lakini Ibn al-Haytham hakuishia katika nuru. Alisema kwamba jicho hupokea nuru na rangi tu. Kujua kwamba hiki ni farasi, na huyu ni fulani, na yule amekasirika, ni kazi ya akili ilinganishayo kionwacho na yale yaliyohifadhiwa katika kumbukumbu. Na kazi hiyo hufanyika kwa haraka hata mtu asitambue kwamba amehukumu. Hudhani ameona tu, kumbe amekwisha kuamua.

Mfano ni rahisi. Waonyesheni watu wawili picha moja ya bahari. Mvuvi ataona upepo na mkondo, na pengine atamkumbuka mwenziwe asiyerudi. Mgeni wa mapumziko ataona mahali pa kulala juani. Karatasi ni moja, na bahari ni moja. Nyoyo ndizo mbili. Basi atakaye kukuongoza kwa picha hutafuta kwanza kujua kilichomo moyoni mwako, kisha hukupa picha ya kukiamsha.

PICHA HUPANGWA

Wazee wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na picha zilizoundwa kwa shabaha maalumu, zikaelea mbali sana, ni kadi za posta za Aljeria.

Katika miaka thelathini ya mwanzo ya karne ya 20, wakati Ufaransa ilipoitawala nchi hiyo, kadi nyingi mno zilipelekwa Ulaya zikiwa na picha za wanawake wa Kiislamu: mwanamke nyuma ya vyuma vya dirisha, wanawake wakinywa kahawa, msichana kifua wazi amevaa mapambo. Chini yake paliandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa Kiarabu nyumbani kwake. Mwaka 1981 mshairi wa Kialjeria, Malek Alloula, aliandika kitabu kizima juu ya kadi hizo. Alieleza kwamba mpiga picha hakuweza kuingia katika nyumba za Waislamu. Mlango ulifungwa na mwanamke wa mjini alijisitiri. Basi akachukua wanawake wa kulipwa, akawavika nguo alizonazo, akawaweka katika studio yake mbele ya pazia na vyuma vya dirisha vya kubuni. Na ushahidi umo katika kadi zenyewe: mwanamke mmoja, katika mavazi yaleyale, katika kadi moja ameitwa wa kabila hili, na katika nyingine ameitwa wa kabila jingine na wa upande mwingine wa nchi.

Mfaransa aliyepokea kadi ile kwao aliamini kwamba ameiona nyumba ya Muislamu kwa ndani. Nyumba ilimfungia mpiga picha mlango, naye akajijengea nyumba ya mbao na matambaa, akaandika juu yake jina letu. Hakuna aliyesema hadharani kwamba wanawake wa nchi ile hawana heshima, kadi ilitosha. Na aliyekwisha kuamini hivyo atapata tabu gani kuamini kwamba nchi ile yapaswa kutawaliwa na wengine?

Pwani yetu nayo haikukosa sehemu yake. Unguja palikuwa na wapiga picha wa Kigoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliokuwa na studio mjini na kuuza picha na kadi za mji na watu wake. Katika kadi nyingi za namna hiyo kila jumba kubwa limetajwa jina lake, lakini mwanamke aliyesimama mbele ya kamera hakutajwa jina. Ameandikwa tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili. Na haki isemwe: watu wa pwani nao waliingia studio kwa hiari zao, wakavaa kanzu safi, wakakaa kando ya meza yenye saa na kitabu, ili wajukuu wawaone katika heshima. Picha hizo pia zimepangwa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: huyu amejipanga mwenyewe na jina lake lajulikana, yule amepangwa na mwingine kwa ajili ya soko.

PICHA HUKATWA

Kamera ina kingo nne. Kilicho ndani ya kingo huonekana, na kilicho nje kimefutwa kama hakikuwapo. Tarehe 9 Aprili 2003 majeshi ya Marekani yaliingia katikati ya Baghdad. Katika uwanja wa Firdos liliangushwa sanamu kubwa la Saddam Hussein, na televisheni za dunia nzima zikaonyesha kundi la watu wakishangilia. Kamera zilikuwa karibu, na kundi likajaza kioo chote. Aliyetazama alisema moyoni, "Baghdad nzima imetoka."

Picha zilizopigwa kwa mbali siku ileile zaonyesha mambo mengine: uwanja ulikuwa wazi sehemu kubwa, vifaru vimeuzunguka, na watu waliokusanyika penye sanamu ni kundi dogo, pamoja na askari na waandishi wa habari, ambao wengi wao walikuwa wamekaa katika hoteli ya Palestine iliyo kando ya uwanja huo. Sanamu lenyewe liliangushwa kwa gari la kijeshi la Wamarekani. Hatusemi kwamba hapakuwa na Mwiraki aliyefurahi. Walikuwapo, na walikuwa na sababu zao. Twasema kwamba picha haikuongeza hata mtu mmoja wa uwongo. Ilipunguza tu ukubwa wa uwanja, na huko kupunguza ndiko kulikosema.

PICHA NA JIRANI YAKE

Karibu na mwaka 1920 mtengenezaji sinema wa Kirusi, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo mwanafunzi wake Pudovkin alikuja kulisimulia. Alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja mashuhuri, uso uliotulia usio na furaha wala huzuni. Akauunga na picha ya sahani ya supu. Kisha akauunga uso uleule na picha ya maiti ya mwanamke katika jeneza. Kisha na picha ya mtoto mdogo achezaye. Watazamaji wakamsifu mchezaji: jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyohuzunika mbele ya maiti, jinsi alivyomfurahia mtoto. Na uso ni mmoja, haukubadilika hata unywele.

Huu ndio ufunguo wa mambo mengi tuyaonayo. Tumepata kuona habari ya mlipuko wa bomu, na kando yake picha ya watu waliosujudu msikitini ambao hawakuhusika na bomu hilo kwa lolote. Mwandishi akiulizwa atasema hakuandika neno la uwongo, naye atakuwa kweli hakuandika. Aliweka jirani tu, na mtazamaji akaunga mwenyewe. Siku ya pili mtoto wetu aliye katika nchi ya watu huitwa gaidi na mwenziwe wa darasani, na yule mtoto mwenziwe hawezi kueleza alilipata wapi jambo hilo.

Wakati mwingine jirani huyo hayumo katika karatasi, bali yumo katika nyakati. Mwaka 1955 gazeti la Kifaransa la Paris Match lilitoa juu ya jalada lake picha ya kijana mdogo wa Kiafrika aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa, ameinua macho na kupiga saluti. Mwandishi Roland Barthes alipewa gazeti hilo kwa kinyozi, na katika kitabu chake cha mwaka 1957 akaeleza alichokiona: kwamba picha ile yasema Ufaransa ni dola kubwa, na wanawe wa rangi zote waitumikia kwa uaminifu, na wanaoulalamikia ukoloni wamejibiwa na bidii ya kijana huyu. Hakuna lililoandikwa hivyo. Lakini vita vya Aljeria vilikuwa vimeanza Novemba 1954, na kila Mfaransa aliyalishika jalada lile akivijua. Kijana alipiga saluti tu. Wakati ndio uliomalizia maneno.

PICHA YENYE SANADI

Msomaji asije akatoka hapa akidhani kwamba picha zote ni hila. Picha yaweza kuwa shahidi, ikiwa imekuja na wenye kuitolea ushahidi.

Mwezi wa Mei 1904, katika kituo cha wamisionari cha Baringa, Kongo, alifika mtu jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala. Nchi hiyo wakati ule ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, na watu walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni kwa kipimo. Nsala alikuja na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye umri wa kama miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mwanamke wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba huyo amekaa barazani akivitazama vipande vile mbele yake.

Mtu aitazamapo picha ile bila kuambiwa kitu, huona mtu aliyekaa ukingoni mwa baraza, na vitu viwili vidogo sakafuni. Hakuna damu, hakuna kelele. Ila yakisomwa maneno, jina la baba, jina la mtoto, kijiji, mwezi na mwaka, na jina la aliyekuwapo akaona, hapo moyo hutetemeka. Picha hiyo na nyinginezo zilionyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani, na watu waliokuwa hawaijui Kongo wakasimama kudai haki. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha nchi ile mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Dhiki ya watu haikwisha siku hiyo, lakini ufalme wa mtu mmoja ulikwisha.

Sisi Waislamu tuna neno kwa jambo hili, nalo ni sanadi. Wapokezi wa Hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza nani amepokea kwa nani, na je, walikutana, na hifadhi yake ikoje. Picha ya Nsala ina sanadi. Kadi za Aljeria hazina. Hiyo ndiyo mizani.

PICHA ILIYOPOTEZA SANADI YAKE

Katika Suratu Nuh, aya ya 23, yametajwa majina matano: Wadd, Suwa', Yaghuth, Ya'uq na Nasr. Ibn Abbas (R.A.), kama alivyopokea Bukhari, alieleza kwamba hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa, Shetani aliwashawishi watu wasimamishe masanamu katika vikao vyao na kuyaita kwa majina yao. Wakafanya, wala hayakuabudiwa. Ila walipokufa hao waliojua, na elimu ikasahauliwa, ndipo yakaabudiwa. Basi fahamuni: jiwe halikubadilika. Ni maelezo yake yaliyokufa, na mahali pake pakaingia maana nyingine iliyowapoteza watu.

Yaliyochukua vizazi katika zama zile, leo huchukua saa moja. Huko Karachi, Pakistani, chama cha hisani kilitengeneza filamu fupi ya kuwaonya wazazi. Watu wawili juu ya pikipiki wanamnyakua mtoto achezaye njiani. Kisha wanarudi, wanamweka chini salama, na kuonyesha maandishi ya onyo kwamba kuibiwa kwa mtoto ni jambo la dakika moja. Mtu asiyejulikana akaukata mwisho ule. Kilichobaki, mtoto ananyakuliwa na pikipiki inakwenda zake, kikasambaa India katika simu za watu mwaka 2018, pamoja na maneno kwamba watekaji wa watoto wameingia mitaani. Wapita njia wasio na hatia wakapigwa katika majimbo mbalimbali. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, watu watano waliokuwa wakipita kijijini waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma kama hizo. Mwezi uleule kampuni ya WhatsApp ilipunguza India idadi ya watu ambao mtu aweza kuwapelekea ujumbe kwa mara moja, ikawa watano. Na Januari 2019 ikafanya hivyo dunia nzima.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha tuchunguze habari iletwayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Waliopiga watu wale walikuwa wazazi wenye kuwapenda watoto wao. Mapenzi yao ndiyo yaliyotumiwa.

Na sasa umekuja mtihani mwingine. Akili mnemba hutengeneza picha ya jambo ambalo halikutokea kamwe, hata jicho lisitambue. Machi 2023 watu wengi waliamini picha ya Papa Fransisko amevaa koti jeupe la kutuna, na koti hilo halikuwapo. Hilo lilikuwa la kuchekwa. Lakini Mei 2024, baada ya shambulio la Israeli juu ya mahema ya wakimbizi Rafah lililoua watu wengi, picha yenye safu za mahema zilizopangwa kuandika maneno ya kuitaka dunia iitazame Rafah ilipelekwa katika Instagram zaidi ya mara milioni 40 kwa siku chache. Nayo ilitengenezwa kwa akili mnemba. Dhuluma ilikuwa kweli na wafu walikuwa kweli, ila picha ile haikuwa ya Rafah wala ya mahali popote; hamkuwa na uso wa mtu hata mmoja. Aliyeituma kama bango la kutangaza msimamo wake alijua alitumalo. Aliyeituma akidhani ni picha ya mahali alikuwa amempa mpinzani wa haki hoja ya kusema, "Tazameni, picha zao ni za kubuni." Suratul Maida, aya ya 8, yatutaka tusimamie uadilifu hata juu ya wale tuwachukiao, basi haitupunguzii mizani tunapowatetea tuwapendao. Haki haina haja ya kusaidiwa na kitu cha kubuni.

PICHA TUZIPIGAZO SISI

Ndugu zetu, tukiisha kuwahukumu wengine, na tugeuze kamera upande wetu. Kila Ramadhani huonekana picha za watu wakigawa unga, mchele na tende. Mtoaji amesimama katikati, anatabasamu, mkono mmoja juu ya gunia. Mjane amesimama kando, macho chini. Chini ya picha jina la mtoaji limeandikwa kamili, na jina la mjane halimo. Ameandikwa tu kuwa ni miongoni mwa wenye kuhitaji.

Je, tofauti yake na ile kadi ya posta ni ipi? Huyu naye amepangwa na mwingine, amekatwa nje ya maisha yake, amewekwa jirani na gunia, na ametajwa kwa namna yake, hakutajwa kwa jina lake. Watu elfu wataiona picha hiyo na kusema mtoaji ni mkarimu. Mwanawe mjane ataiona shuleni katika simu ya mwenziwe, naye picha itamwambia neno jingine. Suratul Baqara, aya ya 264, yaonya kwamba sadaka hubatilishwa kwa masimango na udhia. Yawezekana masimango yakafanywa bila ulimi kufunguliwa, kwa kubonyeza kidole tu. Akitaka mtu kuonyesha hesabu ya fedha za watu, na apige picha ya magunia na risiti, aache nyuso.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Hatuwezi kuwafumba watoto macho, wala kuwanyang'anya simu hakutoshi, kwa kuwa wataikuta kwa jirani. Lililo katika uwezo wa kila mzazi ni kumfundisha mtoto kuisaili picha kama tunavyomfundisha kusaili habari.

Chukueni karatasi, itoboeni tundu la mraba katikati, mpeni mtoto aipitishe juu ya picha kubwa ya gazeti. Mwulizeni kila mara, "Sasa waona nini?" Atajifunza kwa mikono yake mwenyewe nguvu ya kukata. Kisha funikeni maneno yaliyo chini ya picha, aseme yeye anadhani ni habari gani. Halafu yafunueni, asome. Mara nyingi atacheka, na kicheko hicho ni elimu. Na kabla hajaituma picha kwa mwingine, na azoee kujiuliza: Ni nani aliyeipiga? Ni wapi, na lini? Kimeachwa nini nje ya kingo zake? Na mwisho, swali lililo gumu kuliko yote: Yataka moyo wangu ufanye nini? Ikiwa yamtaka akasirike upesi, au atamani upesi, au amdharau mtu asiyemjua, basi hapo ndipo pa kusimama.

Na picha tuzitundikazo ukutani na tuzifunguazo kila asubuhi tuzipime kwa pazia la Bibi Aisha: je, hii itukabiliyo kila siku yaukumbusha moyo wetu nini? Mwanamke aonaye kila siku nyuso zilizosafishwa kwa mashine ataitazama sura aliyopewa na Mola wake kwa kutoridhika. Kijana aonaye kila siku magari na majumba ya wengine ataiona kazi ya babake kuwa aibu. Hakuna aliyewaambia hivyo kwa mdomo.

Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratu Bani Israil, aya ya 36, tusifuate tusilo na ujuzi nalo, kwa sababu masikio na macho na moyo, vyote vitaulizwa. Katika aya hiyo macho hayakutajwa peke yake. Yametajwa pamoja na moyo, maana ndio uyapao macho maana. Na waumini, wanaume na wanawake, wameamrishwa katika Suratun Nur kuyainamisha macho yao. Basi ni kweli kwamba macho hayana pazia. Lakini yamepewa kope, na mwenye kope hana udhuru wa kusema hakuweza kuzifumba.

Twamwomba Mola wetu ayatie nuru macho yetu na macho ya watoto wetu, atulinde na kuamini tusilolijua, na atulinde na kumdhulumu mtu kwa picha yake. Wabillahi taufiki.